Mguu utuliwe mzigo

Mgonjwa wa sukari mwenye kidonda chini ya unyayo akiambiwa arudi kila baada ya siku mbili kusafishwa, hurudi. Anashuka kilima, anavuka bonde la migomba, anapanda kilima cha pili, na kama nauli ipo anamalizia safari kwa bodaboda. Akifika anafunguliwa bandeji ya juzi, kidonda kinasafishwa na kufungwa upya, kisha anageuza kurudi nyumbani kwa njia ile ile, akikikanyaga kidonda kile kile kwa uzito wake wote. Ukipiga hesabu ya mwezi mzima, kidonda kimepata saa chache za matibabu na maelfu kwa maelfu ya hatua za kupondwa. Halafu tunashangaa kwamba hakifungi.

Ngara, mkoani Kagera, ni wilaya ya vilima. Ukienda Murgwanza, ukienda Rulenge, ukienda Kabanga kwenye mpaka wa Burundi au Rusumo kwenye mpaka wa Rwanda, ni kupanda na kushuka. Biharamulo imelala zaidi, ila huko shida ni masafa: mtu wa Nyakahura au Lusahunga hafiki mjini kwa matembezi ya asubuhi. Katika wilaya zote mbili watu wengi wanakula kwa miguu yao. Shamba liko mbali na nyumba, maji yako bondeni, soko lina siku yake. Mwambie mtu huyo apumzishe mguu kwa miezi miwili, na yeye atakusikia ukimwambia aache kula.

Kwa sababu hiyo suala la kupumzisha mguu limebaki maneno ya mwisho mwisho, anayotupiwa mgonjwa akiwa tayari ameshika mlango: "na usiukanyagie sana." Hilo ni kosa, na si la mgonjwa. Kuutua mguu mzigo ni tiba kamili, sawa na kisu cha upasuaji au dawa ya kuua bakteria. Ina vifaa vyake na ina ushahidi wake. Sehemu kubwa ya vifaa hivyo ni vitu ambavyo hospitali ya wilaya inavijua siku nyingi, kwa kuwa vinakaa katika chumba cha kufungia mifupa iliyovunjika.

Tuutazame mguu wenyewe. Sukari ikikaa juu kwa miaka, mishipa ya fahamu huharibika, na miguu ndiyo ya kwanza kuumia. Mgonjwa husikia moto, sindano, wakati mwingine wadudu wanaotembea. Baadaye hasikii kitu. Ganzi haiji peke yake. Misuli midogo ya mguu hudhoofika, vidole hujikunja, na vichwa vya mifupa iliyo nyuma ya vidole husukumwa chini vikabeba uzito ambao vidole vingesaidia kuubeba. Jasho hukauka, ngozi ikapasuka. Kifundo nacho hukakamaa, kwa hiyo kisigino huinuka mapema na uzito wote huhamia mbele. Mwisho wake ni kwamba sehemu ndogo, mara nyingi chini ya shina la kidole gumba, hupigwa pale pale kila hatua.

Ngozi hujihami kwa kuota sugu. Sugu ikinenepa, inaikandamiza nyama laini iliyo chini yake, na damu huvilia humo ndani bila mtu kujua. Siku inapopasuka, mgonjwa husema kidonda kimetokea jana. Hakikutokea jana. Sugu yenye doa jeusi katikati ilikuwa imeshatoa taarifa wiki nyingi nyuma, na mtoa huduma aliyeipunguza kwa wembe wa hospitali siku ile angekuwa ameokoa mguu kwa kazi ya dakika kumi.

Kila mkulima anayajua malengelenge ya mpini wa jembe. Yakipasuka, mtu hapaki dawa na kuendelea kulima. Hupumzisha mkono siku mbili tatu, kwa sababu yanauma. Mguu wa ganzi umenyimwa maumivu hayo tu. Mtu mwenye shimo linaloweza kumeza ncha ya kidole anaingia chumba cha daktari bila kuchechemea, na mwendo wake huo mzuri ni dalili mbaya kuliko kidonda chenyewe.

Hapo ndipo mtu anapohangaika na dawa. Wapo wanaofungua kapsuli za rangi mbili na kumwaga unga wake kidondani. Wapo wanaoloweka mguu kwenye maji ya moto yenye chumvi, nao hawajui kwamba maji yanaunguza, kwa sababu mguu hauwaambii. Wanatoka na kidonda cha pili, cha kuungua. Majani ya kila aina yamepita hapo. Sitaki kuwacheka, kwa maana hospitalini nako tunafanya jambo la jamaa hiyo hiyo tunapobadilisha dawa ya kusafishia kila mwezi huku mguu ukiendelea kukanyagiwa. Mgonjwa na mtaalamu wote wawili wanakitafutia kidonda dawa ya kupaka, na kidonda kinataka kuachwa kipumzike.

Mtanzania aliyelifuatilia jambo hili kuliko wengi ni Dk Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam. Mwaka 2002 yeye na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 92 wa kisukari waliolazwa jijini humo wakiwa na vidonda vya miguu. Theluthi moja walikatwa viungo. Waliofariki walikaribia asilimia 29, wawe wamekatwa au hawakukatwa. Wengi wa wagonjwa wa namna hii hufika hospitali kidonda kikiwa kimeshaoza, na mtu akifika hivyo hakuna plasta ya mifupa wala kiatu cha kumsaidia tena.

Miaka miwili baadaye ulitoka utafiti mwingine ambao Dk Abbas alishiriki, ukilinganisha wagonjwa wa Ujerumani, India na Tanzania. Ujerumani, karibu nusu ya wenye vidonda walikuwa na tatizo la mishipa ya damu iliyoziba. Tanzania na India waliokuwa nalo walikuwa wachache. Vidonda vya kwetu vilitokana zaidi na ganzi. Wazo hilo lingestahili kubandikwa kwenye ukuta wa kila kliniki ya sukari Kagera, kwa sababu maana yake ni nzito: mguu wenye ganzi lakini wenye damu ya kutosha una uwezo wote wa kupona. Hauhitaji upasuaji wa kufungua mishipa ambao hata huko kwenye pesa ni shughuli. Unahitaji kuondolewa kinachoupiga.

Katika kazi za Dk Abbas za mwaka 2005 kuna andiko moja ambalo mtu akilisoma hulala vibaya. Linahusu wagonjwa wa sukari nchini waliong'atwa miguu na panya wakiwa usingizini. Tunasema panya huuma huku akipuliza ili mtu asiamke. Kwa mguu wenye ganzi hana hata haja ya kupuliza. Mgonjwa anaamka asubuhi na kuona damu kwenye shuka.

Nusu karne kabla ya hapo, panya hao hao walikuwa wamemsumbua daktari mwingine kusini mwa India. Paul Brand, mpasuaji Mwingereza aliyezaliwa India mwaka 1914, alianza kazi katika hospitali ya Vellore mwaka 1946 na akawageukia wagonjwa wa ukoma. Wakati huo iliaminika kwamba ukoma unakula vidole na nyayo kama kutu. Brand na wenzake waliwafuatilia wagonjwa mmoja mmoja na kugundua kwamba nyama ya mgonjwa ni nzima. Kinachoiharibu ni kupigwa, kuungua na kukanyagiwa bila maumivu ya kuonya. Baadhi walikuwa wakipoteza vipande vya vidole usiku. Walipokesha wakichunguza, waliwakuta panya. Kuanzia hapo mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani alipewa paka wa kuondoka naye, na kwa maoni yangu ni moja ya maagizo ya daktari yenye akili zaidi yaliyowahi kuandikwa.

Kwa nyayo, Brand alitumia plasta. Wazo halikuwa lake mwenyewe. Miaka ya 1930 Milroy Paul wa Ceylon, Sri Lanka ya leo, alikwisha kufunga vidonda vya wakoma kwa plasta ya mifupa na kuviona vikifunga. Brand aliliendeleza, na alipohamia hospitali ya ukoma ya Carville, Louisiana, mwaka 1966, madaktari wa kisukari wa Marekani wakaona kwamba mguu wa mkoma na mguu wa mgonjwa wao ni mguu mmoja. Tiba iliyozaliwa kwa watu maskini kuliko wote duniani ikapanda cheo, ikaingia hospitali za matajiri. Huku kwetu ilikotakiwa zaidi, bado ni ngeni.

Ushahidi ulikuja baadaye, ukaja na tarakimu. Mwaka 2001 David Armstrong na wenzake huko Marekani waliwagawa wagonjwa 63 makundi matatu. Kundi moja lilifungwa plasta iliyobana mguu wote hadi chini ya goti, la pili likapewa buti maalumu la kuvaa na kuvua, la tatu kiatu cha nusu kinachoacha sehemu ya mbele hewani. Baada ya wiki 12 plasta ilikuwa imeponya karibu asilimia 90, buti asilimia 65, kiatu cha nusu asilimia 58. Wastani wa kupona kwa plasta ulikuwa siku 33 na nusu. Kuna watu Kagera wanahesabu vidonda vyao kwa miaka.

Ajabu ni kwamba yale mabuti, yakipimwa maabara, yanapunguza mgandamizo karibu sawa na plasta. Kwa nini basi yanashindwa? Mwaka 2003 kundi hilo hilo liliwafunga wagonjwa 20 vihesabu hatua viwili, kimoja kiunoni na kingine kimefichwa kwenye buti. Buti lilikuwa mguuni kwa asilimia 28 tu ya mwendo wao wa siku. Waliokuwa na vidonda, walioelezwa, waliojua hatari, walilivua, pengine zaidi nyumbani, kwa sababu nyumbani mtu hujiona salama. Hapo jikoni, chooni, kidonda kilikuwa kinapigwa. Mwaka 2005 wakajaribu ujanja rahisi: buti lile lile likazungushiwa bandeji ya kunata nje ili lisivuliwe kirahisi. Waliopona ndani ya wiki 12 walipanda kutoka asilimia 52 hadi karibu 83. Hakuna dawa iliyoongezwa. Kilichobadilika ni kwamba mgonjwa hakuweza kukivua kifaa chake kirahisi.

Ndiyo maana miongozo ya kimataifa ya mguu wa kisukari, iliyoanza kutolewa mwaka 1999 na kupitiwa kila baada ya miaka minne, katika toleo la 2023 inaweka kifaa kisichovulika cha kufika chini ya goti kuwa chaguo la kwanza kwa kidonda cha ganzi kilicho mbele au katikati ya unyayo. Kifaa cha kuvua kinakuja baada ya hapo. Kiatu cha kawaida peke yake hakimo.

Plasta hiyo hufungwaje? Mgonjwa analala kifudifudi, goti limekunjwa, unyayo unatazama dari. Sugu imeshakatwa na kidonda kimeshafunikwa kwa gozi nyembamba. Kati ya vidole panawekwa pamba kidogo. Vipande vya felti, yaani kitambaa kinene, vinabandikwa kwenye vifundo viwili vya pembeni na juu ya ugoko, mahali mfupa ulipo karibu na ngozi, na sponji inafunika vidole ili visikwaruzwe. Tofauti na plasta ya mfupa uliovunjika, pamba ya ndani ni chache mno. Plasta inatakiwa igande kwa kufuata umbo la mguu, na fundi anaikanda kwa viganja, asiikandamize kwa ncha za vidole, maana alama ya dole gumba iliyobaki ndani ni kidonda cha kesho. Kifundo kinashikiliwa pembe mraba mpaka igande. Chini unawekwa ubao au kisigino cha mpira cha kukanyagia. Mgonjwa haruhusiwi kuikanyagia mpaka ikauke vizuri, siku moja hadi mbili.

Plasta ikifungwa hivyo hufanya mambo mawili. Inausambaza uzito kwenye unyayo wote, na sehemu yake nyingine inaipandisha kwenye kuta, kwa kuwa mguu wa chini una umbo la faneli na plasta inaukamata. Pia inafunga kifundo, kwa hiyo ile hatua ya kusukuma kwa vidole, inayochimba kidonda, haipo tena. Mgonjwa anatembea. Polepole, hatua fupi, lakini anatembea.

Plasta ya kwanza hufunguliwa baada ya siku mbili au tatu, kwa kuwa uvimbe ukishuka plasta inalegea na kuanza kukwaruza. Kisha inabadilishwa kila wiki moja, wakati mwingine mbili. Hili ndilo linalowatisha wengi, ila plasta ya kila wiki si kitu kigeni: watoto waliozaliwa na mguu kifundo wanatibiwa nchini kwa plasta inayobadilishwa kila wiki, na akina mama wanawaleta. Anayejua kumfunga mtoto yule hahitaji mwaka wa kujifunza kumfunga babu yake.

Ipo miguu isiyofaa kufungwa, na hapa hakuna mchezo. Mguu wenye usaha, harufu, uvimbe unaopanda au mgonjwa mwenye homa unatibiwa maambukizi kwanza. Mguu wa baridi usiosikika mapigo juu ya unyayo una tatizo la damu na unatakiwa kupimwa zaidi. Ukiufunga mguu kama huo, unafungia maiti ndani. Anayefungwa naye apewe maagizo yanayoeleweka: akiona plasta imelowa kutoka ndani, akisikia harufu, akipata homa au sukari ikapanda ghafla bila sababu, asisubiri siku ya kliniki. Zahanati iliyo karibu naye ijue kuitoa. Msumeno wa umeme haupo kila mahali, lakini plasta ya jasi ikilowekwa kwenye maji hulainika na kufunguliwa kwa kisu cha plasta, kama wanavyofanyiwa watoto wale.

Sasa tumrudishe mgonjwa huyu nyumbani, tuseme ni mama wa miaka hamsini na ushee mwenye shamba la maharage na migomba, maana makaratasi ya Marekani hayasemi lolote kuhusu choo cha shimo. Kifundo kikifungwa, kuchuchumaa ni shida. Anahitaji kigoda chenye tundu, na seremala yeyote anakitengeneza nusu siku. Asipopata kigoda hicho, ataikata plasta mwenyewe wiki ya kwanza, na kwenye faili ataandikwa kuwa mgonjwa asiyefuata masharti. Mvua za masika zikianza Machi, tope la Ngara litaiyeyusha plasta ya jasi. Mfuko mgumu wa plastiki na kamba juu ya goti ni sehemu ya tiba, na kwa mwenye uwezo ipo plasta ya nyuzi za glasi inayovumilia maji zaidi. Mguu uliofungwa unakuwa mrefu kuliko mwenzake, nyonga inauma, mtu anapepesuka mteremkoni. Soli ya kiatu cha mguu wa pili iongezwe unene. Nayo ile safari ya kusafisha kidonda kila siku mbili inakufa, kwa kuwa ndani ya plasta hakuna cha kusafisha kwa wiki nzima. Ukilijumlisha hilo na nauli, plasta inaweza kuwa nafuu kuliko bandeji.

Na kulima? Hapa sina maneno matamu. Plasta inaruhusu kutembea nyumbani, hairuhusi kulima mteremko. Msimu mmoja wa mtu huyu lazima ubebwe na wengine. Ikiwa mwanamke ndiye mgonjwa, mume na watoto waitwe kliniki siku ile ya kwanza, waambiwe na mganga mwenyewe wiki ngapi, kuni nani atabeba, maji nani atateka. Kumwachia mgonjwa akaombe ruhusa ya kupumzika nyumbani kwake ni kumtuma kushindwa.

Pasipo plasta ipo felti. Kipande cha unene wa nusu sentimita au zaidi kinakatwa umbo la kiatu cha farasi, uwazi ukielekea mbele, kinabandikwa kwenye ngozi kwa gundi salama kuzunguka kidonda, kisha mguu unaingia kwenye kiatu kipana. Kisikatwe tundu la duara kama kitumbua kilichotobolewa; kingo za tundu hukandamiza pembeni na kidonda hupanuka. Felti hubonyea, kwa hiyo baada ya siku chache hadi wiki inabadilishwa. Magongo yanasaidia, mradi mtu ayatumie na chooni pia. Kwa kidonda kilichoko kwenye ncha ya kidole kilichojikunja lakini bado kinanyooka kwa mkono, kuna kazi ndogo mno: ganzi ya sindano, ncha ya kisu au sindano nene, kano ya kukunja kidole inakatwa, kidole kinanyooka na ncha haigongi chini tena. Miongozo ya 2023 inaipendekeza. Upasuaji wa dakika chache unaozuia upasuaji wa kukata mguu. Sijui nani angeukataa akielezwa vizuri.

Kuna hazina nyingine wilayani ambayo kliniki za sukari haziigusi. Tangu mwaka 1977 Tanzania ina mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, wenye waratibu mpaka ngazi ya wilaya. Hao wamefundishwa kupima ganzi kwa ncha ya kalamu ya wino, kumfundisha mtu kukagua nyayo jioni, kumtafutia ndala za raba laini. Wanafanya kwa mkoma kile ambacho mgonjwa wa sukari anakikosa chumba cha pili, jengo lile lile. Utafiti wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa takriban asilimia 9 ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64. Wakoma sasa ni wachache, wenye sukari wanaongezeka, na ujuzi wa mguu usiosikia umebaki kwenye faili la ugonjwa mmoja.

Hata bila mratibu, kipimo cha ganzi hakina gharama. Madaktari wa mji wa Ipswich, Uingereza, walionyesha mwaka 2011 kwamba inatosha mtu afumbe macho, mwingine amguse kwa ncha ya kidole, kidogo tu, kwenye kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Miguso sita. Akikosa miwili au zaidi, huyo ana ganzi miguuni. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kukifanya barazani, na mjukuu vilevile.

Hospitali kubwa zina nafasi yake. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko kwa anayetoka Biharamulo kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, kupitia Geita na Sengerema, na hospitali ya kanda ya Chato iko karibu zaidi. Lakini plasta ya kila wiki haiwezekani kwa rufaa. Hakuna mkulima wa Rulenge atakayekwenda Mwanza mara nane kwa miezi miwili. Mradi wa Hatua kwa Hatua, ulioanzishwa Tanzania na India mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kina Dk Abbas, Sharad Pendsey wa India na Karel Bakker wa Uholanzi, kwa fedha za Mfuko wa Dunia wa Kisukari, uliliona hilo mapema: ukawafundisha daktari na muuguzi wawili wawili kutoka hospitali za mikoani, warudi kwao na vifaa na kuwafundisha wenzao. Mmoja peke yake akihamishwa, ujuzi unapanda naye basi. Wawili huchelewa kuondoka.

Kidonda kikifunga, mguu ni ule ule, na ganzi ni ile ile. Takwimu za kimataifa zilizokusanywa mwaka 2017 zinasema wanne kati ya kumi waliopona hupata kidonda kingine ndani ya mwaka mmoja. Ngozi mpya ni nyembamba, na mtu aliyefunguliwa plasta Ijumaa akarudi shambani Jumamosi kwa ndala anaianza safari upya.

Hapo anaingia fundi viatu. Chuo cha wataalamu wa viungo bandia kilichopo KCMC, Moshi, kimefundisha kazi hii tangu mwaka 1981, lakini wahitimu wake hawatoshi kila wilaya, na fundi wa stendi ya Nyakanazi au soko la Ngara anaweza kufanya sehemu kubwa akielekezwa. Makubazi ya tairi yana soli nzuri, mwiba haupiti. Ubaya wake uko juu, kwa kuwa tairi ni gumu, na kwenye misumari. Mguu wa ganzi hautasema msumari umetokeza. Kwa hiyo maagizo ni haya: chora miguu yote miwili kwenye karatasi mgonjwa akiwa amesimama, soli ya tairi, juu yake raba laini ya unene wa sentimita moja hivi, mikanda mipana yenye kubana na kulegeza, na mmoja nyuma ya kisigino, kamba ya kupita kati ya vidole isiwepo, gundi na uzi tu, hata msumari mmoja usitumike. Siku ya kwanza avae saa moja au mbili, avue, mtu mwingine ampapase nyayo kwa mgongo wa mkono. Penye joto kuliko pengine, na penye wekundu usiopotea baada ya dakika ishirini, viatu vinarudi kwa fundi kabla mgonjwa hajarudi shambani.